Shujaa mmoja, fani mbili: Grim Dawn na Titan Quest mbele ya Diablo na Path of Exile

Swali ninaloletewa mara nyingi na vijana wa Kamalondo na wanafunzi wa Kasapa, hapa Lubumbashi, ni moja: "Yaya, nina pesa ya mchezo mmoja tu, ninunue upi?" Wanazungumzia ile michezo ya kompyuta ambamo shujaa anaonekana kutoka juu, unamwongoza kwa kubofya kipanya, anakata mashetani na mifupa inayotembea, anaokota panga na pete, anapanda viwango na kupata pointi za kujifunzia ujuzi mpya. Ipo mingi, na kwenye picha za matangazo yote inafanana. Tofauti imo ndani, katika mambo mawili ambayo matangazo hayayaelezi vizuri: namna mchezo unavyopanga klasi zake, yaani aina za mashujaa unaoweza kuwalea, na kile ambacho nyongeza zilizouzwa baadaye zimeufanyia mpango huo. Baada ya kuicheza ile inayotajwa zaidi, jibu langu ni Grim Dawn pamoja na nyongeza zake mbili kubwa, au Titan Quest kwa mwenye mashine dhaifu, na sababu zake zinahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa wengi hapa mjini huanza na Diablo kwa ajili ya jina lake tu.

Kwanza niseme ninapimia nini. Umeme wa Lubumbashi hukatika bila kuaga, na aghalabu hukatika jioni, saa ambazo mtu ametoka kazini au darasani na anataka kukaa mbele ya kioo. Intaneti tunainunua kwa mega, na mchezo unaodai muunganisho kila dakika unakula mega hata unapokuwa umesimama mjini ukipanga vitu kwenye sanduku lako. Kompyuta nyingi tulizo nazo zilikwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kutufikia, na kadi zao za picha ni za kawaida. Kwa hiyo mchezo unaotufaa ni ule unaochezeka bila intaneti, usiomwadhibu mtu kupita kiasi umeme unapokatika, na ambao dola zilizotolewa mara moja zinarudisha thamani yake kwa muda mrefu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotegemea klasi na nyongeza, kwa sababu michezo ya namna hii hairudiwi kwa ajili ya hadithi, ambayo mtu akishaijua ameijua; hurudiwa kwa ajili ya kumlea shujaa mwingine asiyefanana na wa kwanza.

Mzee wa ukoo huu ni Diablo II, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2000 ikiwa na klasi 5: Amazon, Barbarian, Necromancer, Paladin na Sorceress. Kila klasi ina miti 3 ya ujuzi, na kila mti una ujuzi 10. Ubora wa mpango huo ni kwamba kila shujaa ana tabia yake isiyochanganyika na ya mwingine. Necromancer anaamsha mifupa kutoka kwenye maiti za maadui na kuwalaani walio hai, Paladin anatembea akizungukwa na nuru inayowasaidia wenzake, na mtu akisikiliza tu sauti za pambano anajua ni nani anayecheza. Nyongeza yake, Lord of Destruction ya mwaka 2001, ilileta klasi 2, Assassin na Druid, pamoja na sura ya tano ya hadithi. Anayeisifu kwa klasi hizo mbili pekee anaipunja. Kilichoipa heshima ni yale iliyowapa mashujaa watano wa zamani: sanduku la kuhifadhia vitu liliongezwa ukubwa mara mbili, askari wa kukodi aliweza kuvishwa silaha, kufufuliwa na kukufuata mpaka mwisho, picha ilipanuka kutoka nukta 640 kwa 480 hadi 800 kwa 600, na zikaja runi 33, vijiwe vyenye herufi za uchawi, ambazo zikipachikwa kwa mfuatano sahihi katika silaha yenye matundu huzaa kifaa kipya kabisa. Tal, Thul, Ort na Amn, zikipachikwa kwa mfuatano huo katika upanga au ngao yenye matundu 4, hutoa Spirit, kifaa ambacho mchawi hukipata mapema na kukitegemea kwa muda mrefu sana. Hivyo, mtu aliyekuwa na Sorceress wa tangu mwaka 2000 alijikuta ana mchezo mpya bila kumtupa shujaa wake.

Hata hivyo Diablo II ina ugumu ambao siwezi kuufumbia macho. Kwa miaka mingi pointi iliyokwisha kuwekwa ilikuwa kama saruji iliyokauka. Ruhusa ya kuzirudisha pointi na kuzipanga upya ilikuja mwaka 2010 tu, katika toleo 1.13. Tena toleo 1.10 la mwaka 2003, ambalo liliunganisha ujuzi ili Fire Bolt ya mwanzoni iipe nguvu Fire Ball ya baadaye, lilisaidia ujuzi mdogo usisahaulike lakini pia liliwafungia wachezaji katika njia chache. Mtu anayetaka mauaji ya kiwango cha juu anajaza pointi 20 katika kila ujuzi wa mnyororo mmoja, kisha hana za kujaribia kitu kingine. Klasi 7 zenye njia tatu au nne nzuri kila moja ni utajiri, lakini ni utajiri wenye mwisho unaoonekana. Diablo II: Resurrected, iliyotoka mwaka 2021, iliupamba mchezo huo kwa picha mpya na, ilipotoka, ikauacha mpango huo wa klasi jinsi ulivyokuwa, na kwa hiyo inadai kompyuta yenye nguvu zaidi kwa ajili ya mawazo yale yale.

Mwaka 2006 kampuni ya Iron Lore ilitoa Titan Quest, na hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Mchezo huo haukupi klasi. Unakupa fani: Warfare ya silaha za mkononi, Defense ya ngao, Hunting ya upinde na mkuki, Rogue ya sumu na hila, Earth ya moto, Storm ya barafu na radi, Nature ya mbwa mwitu na uponyaji, na Spirit ya roho na wafu. Shujaa anaanza na fani moja, na anapofika kiwango cha 8 anaruhusiwa kuchagua ya pili. Klasi yake ni ule muungano wa fani mbili, na kila muungano una jina: Warfare na Defense humfanya Conqueror, Earth na Storm humfanya Elementalist, Nature na Spirit humfanya Soothsayer. Fani 8 zinatoa miungano 28.

Sasa angalia kinachotokea nyongeza inapoleta fani mpya. Immortal Throne ya mwaka 2007, ambayo ilimteremsha shujaa hadi kuzimu kwa Hades, ilileta fani moja tu, Dream. Lakini Dream inaweza kuungana na kila moja kati ya zile 8 za zamani, kwa hiyo miungano ikapanda kutoka 28 hadi 36. Ragnarök ya mwaka 2017 ilileta Runes, na miungano ikafika 45. Eternal Embers ya mwaka 2021 ilileta Neidan, na ikafika 55. Katika Diablo, klasi mpya ni shujaa mmoja zaidi anayekaa kando ya wengine. Katika Titan Quest, fani mpya inaingia ndani ya mashujaa wote unaowajua na kuwapa uso mwingine: yule mpiga upinde uliyemzoea anaweza kulelewa upya akiwa na ndoto zinazowalaza maadui, na hapigani tena kama zamani. Hii ndiyo hoja yangu kuu, na ndiyo inayonifanya niipime kila nyongeza kwa kuuliza imeongeza nini kwa wale waliokuwepo. Atlantis ya mwaka 2019, kwa mfano, haikuleta fani yoyote, na naiona kuwa nyongeza ya kununuliwa bei ikishuka sana, wala si kabla ya hapo.

Titan Quest ina mvuto mwingine ambao sioni ukitajwa vya kutosha. Safari yake inaanzia Ugiriki, inapita Misri, halafu Babeli, na kufuata Njia ya Hariri hadi China. Kuvuka kutoka vijiji vya Ugiriki hadi ukingo wa Nile, kupita Memphis na Giza chini ya jua linalomulika mchana kweupe, ni raha kwa macho yaliyochoshwa na mapango meusi ya michezo mingine. Toleo la mwaka 2016, Anniversary Edition, limeuunganisha mchezo wa awali na Immortal Throne katika kifurushi kimoja, linafanya kazi vizuri kwenye kompyuta zisizo na nguvu, na lina maandishi ya Kifaransa kwa asiyezoea Kiingereza. Udhaifu wake ni mwendo. Shujaa hutembea polepole, saa za mwanzo ni ndefu na maadui ni wale wale, na asiye na subira huuacha kabla hajafika Misri, yaani kabla mchezo haujamwonyesha kilicho bora.

Iron Lore ilifungwa mwaka 2008. Baadhi ya watu wake walianzisha Crate Entertainment, wakachukua programu ya msingi inayoendesha Titan Quest na kuifanyia kazi upya, wakawaomba wachezaji wawachangie dola 280,000 kupitia tovuti ya michango ya Kickstarter mwaka 2012, wakapata zaidi ya 500,000, na tarehe 25 Februari 2016 wakatoa Grim Dawn. Fani mbili zilibaki, sasa ya pili ikichaguliwa katika kiwango cha 10, lakini kila kitu kinachozizunguka kilikuwa kimefikiriwa tena. Fani za mwanzo ni 6: Soldier, Demolitionist, Occultist, Nightblade, Arcanist na Shaman. Hizo zilitoa miungano 15. Ashes of Malmouth ya mwaka 2017 ilileta fani 2, Inquisitor na Necromancer, na kwa pigo moja miungano ikawa 28. Forgotten Gods ya mwaka 2019 ilileta Oathkeeper, ikawa 36. Si wingi wa hesabu pekee unaonifurahisha. Nimeona miungano mingi ya Titan Quest ambayo fani zake hazisaidiani. Katika Grim Dawn ni vigumu kupata fani mbili zisizokuwa na lolote la kuambiana, na hapo ndipo ufundi wa waundaji wake unapoonekana.

Mfano mmoja nitauonyesha kwa karibu. Nightblade wa mchezo wa awali ni mpiganaji wa panga mbili. Ujuzi wake wa Shadow Strike unamrusha hadi katikati ya maadui na kuwachoma kwa baridi, na Pneumatic Burst unamrudishia uhai anapoutumia. Tatizo lake, analolijua kila aliyemlea, ni kwamba akishatua katikati ya kundi kubwa ngozi yake ni nyembamba, na Pneumatic Burst peke yake haitoshi. Kabla ya mwaka 2017 suluhisho la kawaida lilikuwa kumpa fani ya Soldier, akawa Blademaster, mwenye mwili mgumu. Ashes of Malmouth ilipoleta Necromancer, Nightblade yule yule akaweza kuwa Reaper. Sasa anatua katikati ya kundi, anaita Siphon Souls, na uhai wa wale wanaomzunguka unavutwa kuingia mwilini mwake huku panga zikiendelea kufanya kazi. Anaishi kwa sababu amezungukwa. Kundi lililokuwa hatari kwake limekuwa chakula chake. Mtu aliyemjua Nightblade kwa zaidi ya mwaka mmoja alilazimika kujifunza upya wapi asimame na lini arukie, na yote hayo bila mchezo kumwongezea Nightblade mwenyewe ujuzi hata mmoja.

Juu ya fani kuna tabaka jingine, nyota za ibada. Ukitengeneza madhabahu zilizobomoka au kuzitakasa kwa pambano, unapata pointi za kufungulia makundi ya nyota angani, hadi pointi 55. Kila kundi la nyota linatoa nguvu ndogo ndogo, na baadhi yana nguvu moja kubwa inayofungwa kwenye ujuzi wako mmoja. Kundi la popo, kwa mfano, linatoa Twin Fangs: ukilifunga kwenye pigo lako la kawaida, meno mawili huruka mbele mara kwa mara, huchoma na kurudi na uhai. Mtu anayelalamika kwamba shujaa wake hafi lakini pia hapigi sana, au anapiga sana lakini hadumu, mara nyingi dawa yake imo huko juu wala si kwenye silaha. Nimewaona wachezaji wazuri wakilipita tabaka hili kwa haraka kwa sababu ramani yake inatisha mwanzoni. Ni hasara kubwa, kwa sababu hapo ndipo Reaper wawili wenye fani zile zile wanapoachana njia.

Nyongeza zake pia zilijali mchezaji wa zamani. Ashes of Malmouth ilipandisha kikomo cha kiwango kutoka 85 hadi 100, ikafungua misitu ya Gloomwald na vinamasi vya Ugdenbog mpaka mji wenyewe wa Malmouth, na ikamweka fundi anayebadilisha mwonekano wa mavazi yako bila kubadilisha nguvu zake. Forgotten Gods iliongeza jangwa la Korvan, mapambano yasiyo na mwisho ya Shattered Realm, na kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichouokoa mwendo wa mchezo: runi zinazowekwa kwenye medali ili shujaa yeyote, hata Occultist dhaifu, aruke au ajitupe mbele. Kabla ya hapo, uwezo wa kuvuka uwanja haraka ulikuwa mali ya fani chache. Mwishoni mwa mwaka 2023 toleo 1.2 lilimpa kila shujaa uwezo wa kukwepa, na hilo lilikuja bure.

Kuhusu umeme, Grim Dawn inaelewana na hali yetu kuliko nilivyotarajia. Kiwango ulichopanda na vitu ulivyookota vinabaki. Unachopoteza ni mahali ulipokuwa umesimama, nawe unaanzia tena kwenye lango la safari ulilolifungua. Ila ipo sehemu moja ya kuwa mwangalifu. Mashimo ya majaribio kama Steps of Torment hufunguliwa kwa ufunguo maalumu, na ukishavuka mlango wake huwezi kufungua lango la kurudi mjini. Umeme ukikatika ukiwa ndani, ufunguo umekwenda na njia imejifunga. Anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na betri asiingie humo jioni. Mwenye laptopu yenye betri nzima hana la kuogopa.

Kuna kasoro pia, na mtu anayetoa pesa yake anastahili kuzijua. Rangi za Grim Dawn ni za tope na kutu, na baada ya saa kadhaa mtu anatamani lile jua la Misri ya Titan Quest. Vitu vinavyodondoka ni vingi mno, na bila kutumia kichujio chake mchezaji anageuka kuwa karani wa ghala. Pointi za ujuzi unaweza kuzirudisha kwa kumlipa mganga wa roho aliyeko Devil's Crossing, lakini uamuzi wa fani ni mzito zaidi, na haufai kufanywa kwa pupa katika kiwango cha 10 kwa sababu tu dirisha limefunguka. Hakuna adhabu ya kusubiri hadi kiwango cha 15 au 20 huku ukiielewa fani ya kwanza.

Yale mengine makubwa hukwama kwenye intaneti. Diablo III ilitoka mwezi Mei 2012, na kwenye kompyuta haichezeki bila muunganisho hata ukiwa peke yako. Mpango wake wa klasi ni kinyume cha ule wa Diablo II: hakuna pointi za kugawa, ujuzi wote unafunguka kadiri unavyopanda viwango, unachagua 6 na runi moja kwa kila ujuzi, na unaweza kubadilisha wakati wowote. Uhuru huo ni mtamu kwa wiki za mwanzo, lakini matokeo yake ni kwamba Barbarian wawili wa kiwango cha mwisho wanajua mambo yale yale, na kinachowatofautisha ni mavazi tu. Reaper of Souls ya mwaka 2014 ilileta Crusader, sura ya tano na kikomo cha kiwango 70, lakini kazi yake kubwa ilikuwa Adventure Mode, iliyomruhusu mchezaji kuzunguka ulimwengu wote bila kuirudia hadithi, huku soko la mnada lililokuwa limeharibu raha ya kuokota vitu likifungwa mwezi huo huo wa Machi. Ni mojawapo ya nyongeza bora zilizowahi kutolewa, kwa sababu ilitengeneza kile kilichokuwepo. Mwenye mashine ya michezo ya kuchezea kwenye televisheni anaweza kuicheza bila intaneti, na kwake ushauri wangu ungekuwa tofauti. Diablo IV ya mwaka 2023, na nyongeza yake Vessel of Hatred ya mwaka 2024 iliyoleta Spiritborn, inarudisha pointi na mti wa ujuzi na inapendeza sana machoni, lakini inadai muunganisho wa kudumu, makumi ya gigabaiti na kompyuta ambayo wengi wetu hatunayo. Kwa hapa siipendekezi.

Path of Exile inanipa shida zaidi, kwa sababu naiheshimu. Imetengenezwa na Grinding Gear Games ya New Zealand, ilitoka mwaka 2013, na ni bure, pamoja na nyongeza zake zote; wanachouza ni mapambo na nafasi za kuhifadhia vitu. Klasi 7 zake kwa kweli ni milango 7 ya kuingilia kwenye mti mmoja mkubwa wenye vituo zaidi ya 1,300, na ujuzi wa kupigana unatoka kwenye vito unavyovipachika katika mavazi, kwa hiyo Witch anaweza kushika shoka na Marauder anaweza kurusha radi. Mwaka 2016 ziliongezwa klasi ndogo za Ascendancy, 3 kwa kila klasi isipokuwa klasi ya Scion yenye 1, na mwaka 2017 The Fall of Oriath iliipanua hadithi hadi sura 10. Kwa upana wa uwezekano hakuna mchezo unaoikaribia. Lakini mgeni anayeingia bila mwongozo anaweza kumharibu shujaa wake kwa namna ambayo hataigundua hadi afike mbali, msimu mpya huja baada ya miezi michache ukiwa na masasisho mazito ya kupakua, na muunganisho ukiyumba katikati ya pambano shujaa anakufa huku wewe ukiangalia picha iliyosimama. Kwa mwenye intaneti ya kazini inayotulia, na ruhusa ya kuitumia, ni zawadi. Kwa anayenunua mega za siku, ule ubure wake ni ghali.

Torchlight II ya mwaka 2012 nitaisemea kwa ufupi: klasi 4, Engineer, Outlander, Berserker na Embermage, mchezo mwepesi unaoingia hata kwenye kompyuta ya zamani, unaochezeka bila intaneti au kwa waya kati ya marafiki, na una mnyama wako unayemtuma mjini akauze mizigo wakati wewe unaendelea kupigana. Haikupata nyongeza rasmi, ingawa wachezaji wameitengenezea nyingi za bure. Kinachoiangusha ni kwamba unaweza kurudisha pointi 3 za mwisho tu, jambo ambalo halikuwa na sababu mwaka 2012 na halina leo. Inafaa kwa mdogo wako wa miaka kumi na mbili anayejifunza.

Last Epoch, iliyotoka rasmi mwezi Februari 2024, ndiyo pekee kati ya mipya inayoweza kunifanya nibadilishe jibu langu siku moja. Ina klasi 5, kila moja ikigawanyika katika njia 3, na kila ujuzi una mti wake wenyewe, kiasi kwamba ile nyundo ambayo Sentinel, mmoja wa mashujaa hao watano, huirusha mbele inaweza kugeuzwa ikawa inamzunguka kama ngao. Inachezeka bila intaneti kabisa. Inachokosa ni ule muungano wa fani, kwa maana Sentinel atabaki kuwa Sentinel, na inadai kompyuta yenye nguvu kuliko Grim Dawn.

Kwa aliyeamua, utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Grim Dawn na Titan Quest zinauzwa pia kwenye duka la mtandaoni la GOG bila kufuli ya kidijitali, kwa hiyo mtu mmoja mwenye intaneti nzuri anaweza kupakua mchezo wake mara moja, akauhifadhi kwenye flashi, na hatalazimika kununua mega nyingine za kuupakua tena kompyuta ikiharibika. Bei kamili ya Grim Dawn ni karibu dola 25, lakini mara kadhaa kwa mwaka hushuka sana, na asiye na kadi ya benki atafute ndugu mwenye nayo wakati huo. Anza na mchezo wenyewe, na shujaa wa kwanza awe Soldier, kwa sababu anavumilia makosa. Mpe Shaman, awe Warder wa silaha ya mikono miwili, au Occultist, awe Witchblade. Weka pointi nyingi za mwanzo kwenye mstari wa fani yenyewe kabla ya kuutawanyia ujuzi, kwa kuwa ndio unaoongeza uhai na kufungua ujuzi wa juu. Kabla ya kuingia ngazi ya juu ya ugumu iitwayo Ultimate, hakikisha kinga zako dhidi ya moto, baridi, radi na nyinginezo zimekaribia kikomo cha kawaida cha asilimia 80, maana huko silaha kali bila kinga haimwokoi mtu. Ashes of Malmouth inunuliwe kwanza, kwa ajili ya fani zake mbili na kiwango cha 100, kisha Forgotten Gods. The Crucible, uwanja wa mapigano wa mawimbi kwa mawimbi uliouzwa tangu mwaka 2016, uachwe hadi mwisho au usinunuliwe kabisa, kwa sababu hauongezi fani yoyote.